Nakala ya Mama

Mlangoni mwa studio palikuwa na beseni la kufulia, na kabla hujamsalimia mtu ulitakiwa kuweka simu yako humo. Uwe nani uwe nani. Waigizaji wenye majina makubwa waliweka, fundi umeme aliweka, na siku moja mama mkwe wa mwongozaji, aliyekuja kuleta chakula tu, alipokonywa simu na mkwewe mwenyewe akarudi nyumbani amenuna. Mkwe kabisa! Lakini mwongozaji hakutaka kusikia la mtu.

Hakuwa na kiburi, maskini. Alikuwa na kidonda. Filamu yake iliyotangulia ilivuja mtandaoni siku mbili kabla ya kuonyeshwa, nzima nzima, picha safi. Dereva wa teksi aliyempeleka ukumbini siku ya uzinduzi alikuwa ameshaitazama, tena kwa nia njema akamsimulia mwisho wake njiani. Ukumbini walikuja shangazi zake, mlinzi, na mtu mmoja aliyekimbia mvua. Tangu siku hiyo mwongozaji alimhesabu kila mwenye simu kuwa mwizi ambaye bado hajapata nafasi.

Ndiyo maana safari hii filamu mpya ilikaa kwenye kompyuta moja tu, isiyounganishwa na mtandao, katika chumba kisicho na dirisha. Mlango wa chumba hicho ulikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao mwenyewe. Wa pili alimkabidhi mhariri wake wa picha, mwanamke ambaye studio nzima ilimwita Mkasi kwa jinsi alivyokuwa hodari wa kukata.

"Mimi na wewe tu," alimwambia siku ile, akimtilia ufunguo kiganjani. "Hii ikivuja, ni mimi au ni wewe. Na mimi siwezi kujiibia."

"Wala mimi siwezi kukuibia, Chifu."

Jina la Chifu lilianza kama utani enzi zile walipokuwa wakirekodi harusi za watu, yeye nyuma ya kamera, Mkasi akishinda ofisini kuwaondoa wajomba waliokatiza mbele ya bibi harusi. Utani uliisha, jina likabaki. Walikuwa wamekula chumvi pamoja, hawa wawili. Mkasi aliposema hawezi kumwibia alisema kutoka moyoni. Hakuwa mtu wa uongo, au hivyo ndivyo alivyojijua.

Filamu yenyewe ilikuwa na kisa chepesi. Bibi mmoja anamsubiri mwanawe aliyekwenda mbali kutafuta maisha. Anafagia uani, anapika chakula cha watu wawili, anatandika kitanda cha mtu asiyekuwepo. Mwishoni amekaa sebuleni akiutazama mlango. Nje zinasikika hatua za mtu. Zinakaribia, zinapita, zinapotelea mbali. Kupitia dirishani tunaona ni muuza maziwa tu na dumu lake. Mlango haufunguki. Picha inabaki kwenye mlango ule muda mrefu, hakuna muziki, hakuna neno, halafu giza. Wafadhili walimsihi mwongozaji aufupishe mwisho ule. Alikataa katakata. Alisema filamu ni ule mlango, na mengine yote ni njia ya kuufikia.

Mkasi ndiye aliyeunga picha zile za mwisho, na kila alipozitazama alimwona mama yake mzazi.

Mama yake alikuwa haoni. Macho yalianza kufifia taratibu akiwa bado anashona nguo za watu, na mwaka alioiuza cherehani yakazimika kabisa. Aliishi na kitindamimba wake, kijana aliyeitwa Kitinda hata baada ya kuota ndevu. Huyu alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, na hapo hapo aliwajazia watu nyimbo na filamu za dunia nzima kwenye simu zao, bila kumuuliza aliyezitengeneza. Ndiyo, tumbo moja: dada anahangaika kutengeneza filamu, mdogo wake anazisambaza mtaani. Walishakubaliana kwamba wakiwa mezani hawazungumzii kazi. "Dada anapika, mimi napakua," Kitinda alipenda kusema, na Mama alicheka, Mkasi hakucheka. Lakini kijana alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja. Filamu iliyopita mikononi mwa dada yake haikupita kibandani kwake.

Kulikuwa pia na mtoto wa kwanza, Kaka Mkubwa, aliyeondoka zamani kwenda kufanya kazi ng'ambo. Ujumbe wake uliingia kwenye simu ya Mkasi. Kila mwisho wa mwezi Mkasi alikaa kando ya Mama, akaishika simu, akasoma: mwanao anakusalimu, kazi ngumu ila afya ipo, akijaliwa mwaka huu atakuja. Mama alizishika salamu zile neno kwa neno, na wageni walipofika aliwapa kama zilivyo.

Kwa kweli Mama ndiye aliyempa Mkasi kazi yake bila kujua. Zamani walikwenda wote sinema, wakakaa viti vya nyuma kabisa, na kwa kuwa vichwa vya watu wazima vilimziba mtoto, Mama alimnong'oneza kila kilichotokea. Sasa anapanda farasi. Sasa ameiona barua. Sasa analia, lakini hataki wamwone. Nusu ya filamu za utoto wake Mkasi aliziona kwa mdomo wa Mama.

Kwa hiyo filamu hii ilipokamilika, deni lile la viti vya nyuma likamkaa rohoni. Jumapili moja mchana, studio ikiwa tupu, alijifungia kwenye kile chumba kisicho na dirisha, akavuta kipaza sauti, akaanzisha filamu toka mwanzo. Kila palipokuwa na nafasi kati ya maneno ya waigizaji, alimnong'oneza mama yake.

"Sasa, Mama, anafagia uani. Ni asubuhi."

"Sasa, Mama, anafungua kabati. Ametoa shati la mwanawe. Analinusa."

Hapa na pale akachomeka na utani: "Huyu jirani analia, Mama, lakini ni kitunguu. Nilikuwepo." Alijisikia vizuri mno. Alijiona mtoto mwema, na nani asingejiona hivyo?

Akafika mwisho. Hatua zikasikika nje ya nyumba. Mkasi akafungua kinywa aseme ni muuza maziwa, na kinywa kikagoma. Alimwona Mama kwenye kiti chake, peke yake, shingo ameinyoosha, akingoja kuambiwa.

"Sasa, Mama, amerudi," akasema. "Ni yeye. Ana begi begani."

Akaujaza ule mlango uliofungwa kwa maneno yake. Kitasa kinazunguka, bibi anainuka, begi linaanguka sakafuni, wamekumbatiana. Alipozima kipaza sauti uso wake ulikuwa umelowa, na hapo hapakuwa na kitunguu.

Aliitia nakala ile kwenye flashi, akaifunga uzi wa sufu ili Mama aijue kwa vidole, akampelekea.

"Hii ni yako peke yako," alimwambia. "Ikitoka humu ndani, Mama, mimi nimekwisha. Sina kazi tena."

"Nitatoka nayo niende wapi, na macho haya?"

"Niahidi."

"Nimekuahidi. Hebu iweke, unanichelewesha."

Waliiweka kwenye televisheni ya sebuleni. Mama alisikiliza bila kugusa chai yake. Alimcheka jirani wa kitunguu mpaka akashika mbavu. Zilipofika zile hatua za mwisho, aliinua kichwa ghafla.

"Mbona zinaondoka?" aliuliza. "Zilikuja, sasa zinakwenda."

"Anazunguka, Mama," Mkasi alisema haraka. "Mlango wa mbele una kitasa kibovu. Anaingilia nyuma."

"Aa," Mama alisema, akatulia. Na mwana wa kwenye filamu alipoingia, kwa maneno ya Mkasi, Mama alishika kifua, akacheka na kulia kwa pamoja. Tangu siku hiyo aliomba awekewe filamu yake kila baada ya chakula cha mchana.

Wiki ya uzinduzi ilipokaribia, asubuhi moja beseni la studio lilianza kunguruma. Simu zote zilizokuwa humo zilitetemeka kwa wakati mmoja, zikigongana na plastiki, na watu wakaacha kazi wakasimama kulitazama kama sufuria inayotaka kufurika. Mwongozaji aliinama, akachukua ya kwake, akasoma. Alisoma tena. Studio ile ya simu za beseni ndiyo ilikuwa ya mwisho kupata habari. Filamu ilikuwa mtandaoni tangu juzi.

Aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano. Hakupiga kelele, na wanaomjua wanasema hilo ndilo lililotisha. Alimtazama fundi sauti, ambaye siku chache nyuma alikutwa na simu ndani ya soksi.

"Chifu, mke wangu alikuwa karibu kujifungua!" fundi sauti alijitetea. "Nilikuwa nasubiri kuitwa hospitali. Kila mtu hapa anajua."

"Na soksini ndiko hospitali wanakopiga?"

"Naapa, sijaigusa filamu yako."

Mkasi damu ilimchemka kwa niaba ya rafiki yake. Miaka yote ile, na mtu mmoja asiye na haya anakuja kubomoa kwa kubonyeza kitufe! Flashi ya uzi wa sufu haikumpitia hata akilini. Ile ilikuwa kwa Mama, na kwa Mama vitu havitoki.

"Tuifungue, Chifu," alisema. "Mimi najua kila hatua ya kazi hii ilivyokuwa. Nikiitazama kidogo tu nitakwambia imetoka mkononi mwa nani."

Mwongozaji akaiweka kwenye televisheni kubwa ya ukutani. Alfajiri ikaonekana, na upepo, na uwanja wa nyumba. Bibi akatoka na ufagio. Mkasi alisogeza kiti karibu, macho yamemtoka, akitafuta alama ya mwizi.

"Sasa, Mama, anafagia uani," televisheni ikasema. "Ni asubuhi."

Fundi sauti ndiye aliyegeuka wa kwanza. Kusikiliza ndiyo kazi yake. Kisha wengine wakageuka, mmoja mmoja, na Mkasi akabaki ameduwaa, mdomo wazi, huku sauti yake mwenyewe ikiendelea kumnong'oneza mama yake mbele za watu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwongozaji hakuizima. Aliisukuma mbele. Ikaja sehemu ya kitunguu, na mtu mmoja akapaliwa na kicheko akakimeza. Akaisukuma tena mpaka mwisho, kwenye mlango wake. Hatua zikaja, muuza maziwa akapita dirishani na dumu lake, mlango ukabaki umefungwa, na sauti ikasema: sasa, Mama, amerudi. Ni yeye.

Alisubiri mpaka picha ikawa giza.

"Kuibiwa nimezoea," alisema. "Mara ya kwanza waliniibia watu nisiowajua, nikasema basi, ndiyo dunia ilivyo. Wewe nilikupa ufunguo."

"Chifu, sikuiba. Ni mama yangu. Haoni. Nilimtengenezea yeye tu, asikilize—"

"Ungeniomba."

Lilikuwa jambo rahisi hivyo, na Mkasi hakuwa ameliwaza hata mara moja.

"Ungeniomba, ningekaa na wewe tukaifanya pamoja," mwongozaji aliendelea. "Lakini ule mlango, Mkasi! Wafadhili walinikalia kooni niufungue. Wenye kumbi walinikalia kooni. Wewe ulikuwa umekaa pale pale ukisema Chifu, usikubali. Kumbe umekwenda kuufungua kwa siri."

Alinyoosha mkono. Mkasi akatoa ufunguo kwenye pete yake. Pete ilikuwa ngumu, ukucha ukamkatika, na watu wote wakamtazama akihangaika nayo. Alipotoka, fundi sauti alimchukulia simu yake kutoka kwenye beseni akampa kwa mikono miwili. Hakumcheka. Afadhali angemcheka.

Huko nje mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alipita karakana ya magari, akamsikia fundi akimwambia mteja gari litakuwa tayari kesho bila kukosa. "Sasa, Mama, amerudi!" mteja akamjibu, na karakana nzima ikaangua kicheko. Mkasi alisimama kama aliyepigwa kofi. Mbele kidogo, saluni, msusi mmoja alimwambia mwenzake nywele zimempendeza, na mwenzake akamrudishia maneno yale yale. Ndani ya siku mbili watu walikuwa wameshaona kwamba sauti inasema jambo na picha inaonyesha jingine, na mnong'ono wake ukawa neno la kumwambia mtu kwamba anadanganya mchana kweupe.

Akenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Kitinda. Nani mwingine? Kibanda kilijaa wateja, na Mkasi aliwapangua kama mapazia.

"Umeniuza!" alimpigia kelele mdogo wake. "Damu yako! Umeshindwa kuiba za watu wote duniani mpaka uniibie mimi?"

Kitinda aliweka bisibisi chini. Alinyoosha kidole juu ya kichwa chake, kwenye kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: ILE YA SASA MAMA HATUJAZI, MSITUSUMBUE.

"Tangu juzi nawafukuza watu, nikakosa namna ya kukwambia," alisema. "Wanakwenda kujaza kwa jirani, wakirudi wananicheka. Dada, mimi nina makosa yangu, lakini hili silo."

"Basi nani?"

Kitinda alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha simu ambacho kilikuwa kisafi. "Mama alinijia wiki iliyopita," alisema kwa sauti ya chini. "Aliniomba nimtolee nakala nyingine. Nikamkatalia. Nikadhani yameishia hapo."

Mkasi akaegemea meza ya kibanda. Mwizi alikuwa amempata, na mwizi mwenyewe ndiye aliyemzaa.

"Dada," Kitinda alimwita alipokuwa akiondoka. "Ukifika, nenda taratibu. Ameshasikia."

"Amesikia nini?"

Lakini mteja mmoja aliingilia kati kuulizia chaja yake, na Mkasi hakuwa na moyo wa kusubiri.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, televisheni imezimwa, flashi ya uzi wa sufu mapajani. Alimtambua bintiye kwa mwendo.

"Kaa, mwanangu."

"Sikai. Ulimpa nani, Mama?"

"Nilimpa Mwalimu. Kwa mkono wangu huu."

Mwalimu alikuwa mzee mstaafu asiyeona, kiongozi wa kikundi cha wasioona wenzake waliokutana kila Jumamosi. Mama alikuwa mwanachama, na Mkasi ndiye aliyempeleka kujiandikisha.

"Ulinipa ahadi," Mkasi alisema. Alijitahidi asilie, akashindwa. "Nilikwambia kazi yangu itakwisha, Mama, na imekwisha! Nimenyang'anywa ufunguo mbele za watu kama mwizi. Chifu amepoteza filamu yake mara ya pili. Kumbi zitaanza kujitoa. Nimegombana na mdogo wangu hadharani, kumbe ni wewe. Hata adui yangu asingenifanyia hivi."

"Ni kweli," Mama alisema. "Nimekukosea."

Mkasi alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Neno lile lilimkata mbio.

"Pale kwetu," Mama akaendelea, "kuna mama mmoja hajaona filamu tangu azaliwe. Anasikia mlango unagongwa, hajui nani ameingia. Anasikia watu kimya, hajui kama wanabusiana au wameuana. Filamu hazitengenezwi kwa ajili yetu, tunaokoteza sauti tu. Mimi nina mtoto anayeninong'oneza, yule hana. Nikaona aibu kula peke yangu. Nikasema nitampa Mwalimu, waisikilize, basi. Yeye, kabla hajanirudishia flashi, akampa mwingine, yule mwingine ana mpwa anayeona, na mpwa ana simu. Sikujua itafika huko. Lakini ahadi nilikuwa nimetoa, nikaivunja, na hilo sina pa kulificha. Tangu asubuhi nimekaa hapa natafuta maneno ya kukuomba msamaha."

Vidole vyake viliusokota uzi wa sufu.

"Nilikuwa nimeshayapata. Halafu wakapita watoto wa shule hapo dirishani, wanapiga kelele, sasa, Mama, amerudi, sasa, Mama, amerudi, wanavunjika mbavu. Nikafurahi. Nikajua ni filamu yetu. Nikamwita mmoja nikamuuliza, mjukuu wangu, kinachowachekesha ni nini hapo, si amerudi kweli? Mtoto hajui kuficha. Akaniambia, Bibi, mlango haufunguki."

Mkasi akakaa.

"Ulifunguka au haukufunguka?" Mama aliuliza.

"Haukufunguka, Mama."

"Zile hatua zilikuwa za nani?"

"Za muuza maziwa."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Masikio yangu yaliniambia zinaondoka. Nikakuuliza. Ukanipa kitasa kibovu, nikayakana masikio yangu nikakuamini wewe."

"Sikutaka uumie."

"Ulipokuwa mdogo, farasi akianguka nilikwambia ameanguka. Ukalia mpaka watu wakatugeukia. Sikukwambia amesimama, wala haikunijia. Nilijua huna macho mengine mle ndani isipokuwa yangu."

Hatua za Kitinda zilisikika uani. Alikuwa amefunga kibanda akamfuata dada yake, ila hakuthubutu kuingia. Mama aligeuza kichwa kidogo upande ule, kisha akamrudia binti yake, na safari hii aliuliza kwa upole, kama anayeogopa kuamsha mtu.

"Na zile salamu za kaka yako?"

Mkasi alitazama simu iliyokuwa mkononi mwake. Angeweza kusema ndiyo. Ndiyo ile ilikuwa mdomoni, tayari, imezoea njia.

"Aliacha kuandika," alisema. "Namba yake haipatikani."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa bado unaona kidogo."

Mama hakupiga ukelele. Alikaa vile vile, midomo ikichezacheza bila sauti, na Mkasi akaelewa anachofanya: alikuwa akizipitia salamu zote zile alizokariri, moja baada ya nyingine, kazi ngumu ila afya ipo, akijaliwa mwaka huu atakuja, na kila moja akiitupa. Ilichukua muda. Zilikuwa nyingi. Mkasi alitaka kumshika mkono, mkono ukaondolewa taratibu, bila hasira.

"Hii nguo niliyovaa," Mama alisema hatimaye. "Uliponiletea uliniambia ni ya zambarau. Ndiyo maana naipenda. Ni ya rangi gani?"

"Ni ya zambarau, Mama," Mkasi alisema huku analia. "Haki ya Mungu, ni ya zambarau."

Na ilikuwa ya zambarau kweli, zambarau iliyokolea, aliizungukia maduka mpaka akaipata. Mama aliinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyofanya siku ile kwa zile hatua, akasikiliza. Kisha akainua sauti kuelekea uani.

"Kitinda! Hebu njoo, baba. Njoo uniambie nguo yangu ni ya rangi gani."

Kijana aliingia. Alimtazama dada yake, akamtazama mama yake.

"Ya zambarau, Mama."

"Asante, mwanangu," Mama alisema, na ndipo akaishika nguo yake kwa mikono miwili akailaza vizuri magotini.